Waliomzika Ibelin: Mjadala wa Sauti Tatu

Tarehe 18 Novemba 2014 kijana wa Norwei aitwaye Mats Steen alifariki dunia mjini Oslo akiwa na umri wa miaka 25. Alizaliwa na ugonjwa wa Duchenne, ambao hudhoofisha misuli kidogo kidogo tangu utotoni na huwapata karibu watoto wa kiume peke yao. Miguu hutangulia, mikono hufuata, mwisho moyo na pumzi. Wazazi wake, Robert na Trude, waliamini kwamba wanamzika mtoto aliyeishi mpweke. Miaka yake ya mwisho aliimalizia mbele ya kompyuta akicheza World of Warcraft, mchezo wa mtandaoni uliotolewa na kampuni ya Kimarekani ya Blizzard mwaka 2004. Baba yake alikuwa na neno la siri la ukurasa ambao Mats aliuandikia habari za maisha yake. Akaufungua, akatangaza msiba, akaacha anwani yake. Barua zikaanza kuingia kutoka pande mbalimbali za Ulaya. Humo mchezoni Mats aliitwa Ibelin, na watu wasiopata kumwona usoni waliandika kurasa kwa kurasa kueleza alivyowafaa.

Mwaka 2024 mwongozaji Benjamin Ree, naye wa Norwei, alitoa filamu juu ya maisha hayo mawili. Imewaliza watu wengi, nami nikiwemo. Kila nikiitazama nabaki na swali ambalo filamu ile, kwa kuwa si ya kwetu, haikuwa na sababu ya kuliuliza: msiba wa namna hii ukibisha hodi kwenye nyumba ya Waswahili, yule rafiki asiyejulikana na yeyote humo ndani ana haki gani?

Nimeliweka swali hilo mbele ya watu watatu wa nyumba moja ya Tanga niliowatunga mwenyewe. Mjomba ni mwalimu mstaafu na katibu wa kikundi cha kufa na kuzikana mtaani kwao. Mama ni dada yake, muuguzi mstaafu. Mpwa ni binti wa huyo dada, na kila usiku hucheza sataranji mtandaoni. Filamu wameitazama pamoja jana yake baada ya Isha.

MJOMBA: Nimeitazama mpaka mwisho, mwanangu, na yule kijana amenigusa. Ila kuna jambo nalikataa. Mnasema wale walikuwa rafiki zake. Walicheza naye miaka, na wengi wao hawakujua kwamba hawezi kuinua glasi ya maji. Sasa walimjua nani?

MPWA: Walimjua aliyekuwa akizungumza nao, Mjomba, na huyo ni yeye. Yule binti wa Uholanzi alikuwa na miaka 15 walipokutana mchezoni. Alimpokonya Ibelin kofia akakimbia nayo, urafiki ukaanzia hapo. Baadaye wazazi wake walimnyang'anya kompyuta kwa kuhofia masomo, akazama katika huzuni nzito. Mats akawaandikia wazazi wale barua ya adabu, akawaeleza mchezo ule ni nini kwa mtoto wao na kuwaomba walitazame upya jambo hilo. Vidole vyake wakati huo vilikuwa vinasogea kwa taabu. Kwa nani angejitaabisha hivyo kama hakuwa rafiki?

MJOMBA: Barua hiyo nimeiheshimu. Miaka yote ya ualimu nimepokea barua za wazazi za kila aina, lakini ya kijana anayemtetea mwenzake kwa wazazi wake, kwa unyenyekevu, sijawahi kuipata. Wema wake siukatai. Ninachokataa ni kupima kwa mizani moja mtu aliyetuma maneno na mtu aliyekuja na jembe. Kwenye kikundi chetu mtu akifa saa nane za usiku, kabla ya jua kutoka turubai limefungwa, viti vimepangwa, wa kuchimba wameshajulikana, kuna aliyekwenda kutafuta sanda na kuna aliyekwenda kuchukua maiti hospitali. Hayo hayafanyiki kwa kibonyezo.

MPWA: Na wale walifika. Kwenye kanisa la makaburi ya Vestre gravlund, mle Oslo, waliketi watu ambao familia haikuwahi kuwaona: kutoka Ujerumani, Uholanzi, Denmaki, Ufini na Uingereza. Chama chao kiliitwa Starlight, kina watu wapatao 30 tu, na huingii mpaka upendekezwe na mwanachama kisha ujaribiwe kwanza. Walichangishana ili asiye na nauli naye aende akazike. Mmoja wao alisimama akasema mbele ya jeneza. Daftari lako la michango, Mjomba, lina nini ambacho wao hawakuwa nacho?

MJOMBA: Lina miaka ya kabla ya kifo. Kuzika ni siku moja. Kuuguza ni kazi nyingine. Ukiugua miezi sita, sisi ndio tunaokuja kukata nyasi uani kwako na kumpeleka mama watoto sokoni.

MAMA: Niacheni niseme, maana kuuguza ndiyo kazi yangu. Mgonjwa wa Duchenne akifika mbali hawezi kujigeuza kitandani. Usimgeuze usiku, asubuhi una vidonda vya kulalia. Akipaliwa, kifua hakina nguvu ya kukohoa. Pua ikimuwasha anaita mtu. Ugonjwa wenyewe uko kwenye damu ya ukoo: mwili unakosa protini inayoitwa distrofini, inayoilinda misuli isichanike inapofanya kazi. Mara nyingi mama ndiye anayeubeba bila kuugua, na huyo mama atalaumiwa na ukoo mzima kwa kosa ambalo si lake. Huwapata wavulana, kama mmoja kati ya 3,500 hadi 5,000 wanaozaliwa. Kwa hiyo, kaka, upo sahihi kwamba mikono iliyomgeuza Mats ilikuwa ya wazazi wake na wahudumu. Watu wa Starlight hawakumgeuza hata usiku mmoja.

MJOMBA: Ndicho ninachosema.

MAMA: Sijamaliza. Nimehudumia wagonjwa waliogeuzwa kila baada ya saa mbili, wakalishwa, wakaogeshwa, na hawakuwa na mtu wa kuwauliza jambo. Sisi wauguzi tunauliza: umelala? Umepata choo? Panauma wapi? Wageni wanauliza: unaendeleaje? Kutwa kucha mtu yule anaulizwa habari za mwili wake mpaka na yeye anasahau kwamba alikuwa na jingine. Mats alikuwa na mahali ambapo watu walimwomba ushauri. Kuna mama mmoja wa Denmaki, mwanawe ana usonji na hakuvumilia kukumbatiwa. Mats akamshauri waanze kukumbatiana mle mchezoni, wahusika wao wawili, na kutoka huko wakaweza kukumbatiana nyumbani. Mgonjwa asiyeweza kunyanyua mkono wake ndiye aliyemrudishia mwanamke yule mikono ya mtoto wake. Dawa ya kumfanya mgonjwa ajione anahitajiwa hivyo mimi sikuwa nayo kabatini.

Hapa nakatiza kidogo kwa sauti yangu. Wanaosifu urafiki wa mtandaoni husema mgonjwa alipata liwazo, kana kwamba yeye ni wa kupokea tu. Jambo kubwa katika habari za Ibelin ni kwamba alitoa. Katika maisha ya huku nje kila mtu aliyemkaribia alikuja kumfanyia kitu. Kule Azeroth, nchi ya mchezo ule, alikuwa mwenye kuendewa.

MPWA: Na wewe, Mjomba, mbona ulikuwa mtuma salamu? Mama amenieleza. Kadi za salamu zilijaa kwenye sanduku lako, na jina lako la redioni lilijulikana mpaka Kigoma kwa watu ambao hawajawahi kukuona.

MJOMBA: Ni kweli, na nalisema kwa fahari. Ulikuwa unanunua kadi, unajaza majina ya wenzako, unaituma Radio Tanzania Dar es Salaam, kisha unakaa kusubiri mtangazaji aisome. Ukisikia jina lako limetajwa na mtu wa Songea usiyemjua, siku hiyo hata chakula kinakuwa kitamu. Lakini sikiliza. Sisi tulitafutana. Watuma salamu waliunda vyama, wakachagua wenyeviti na waweka hazina, wakaalikana harusini. Mwenzetu akifa aliyekuwa karibu alikwenda, na sisi wa mbali tulituma rambirambi na salamu kwa wafiwa, zikasomwa. Salamu ilikuwa mlango tu, tukapita tukaingia ndani. Mats mlango wake aliufunga. Wenzake walipopanga kukutana ana kwa ana hakwenda. Walipozungumza kwa sauti, yeye aliandika tu. Mtu anayekuzuia usimwone anakunyima nafasi ya kuwa rafiki yake.

MPWA: Au anachagua aonekane kwa kipi.

MJOMBA: Hilo nalo lina hatari yake. Mwaka 2001 huko Marekani watu wengi walimlilia msichana aliyejulikana mtandaoni kwa jina la Kaycee Nicole. Walifuata habari za saratani yake ya damu, wakamtumia zawadi, wengine wakazungumza naye kwa simu. Mwezi Mei wakatangaziwa amekufa. Siku chache baadaye ikabainika kwamba hakuwahi kuwepo: mwanamke mtu mzima alikuwa akimwigiza. Niambie, wale walimlilia nani? Sisi tunamfunua maiti uso watu wamtazame kwa mara ya mwisho, na hilo lina maana. Tunashuhudia kwamba ni yeye.

MPWA: Nimekubali kwamba hilo ni baya, na waliolia wana haki ya hasira mpaka leo. Lakini angalia kila mmoja alificha nini, ili apate nini. Yule mwanamke alijifanya mgonjwa ili ahurumiwe. Mats alificha ugonjwa asihurumiwe. Na seva aliyochezea, Argent Dawn, ni ya waigizaji: kila anayeingia anajua kwamba aliye mbele yake amevaa mhusika. Hakuna aliyeamini kwamba Ibelin Redmoore, mpelelezi mwenye misuli na nywele za dhahabu, ndivyo alivyo aliyekaa kwenye kibodi.

MAMA: Wodini, saa ya wageni ikikaribia, wagonjwa huniita niwafunike shuka vizuri, niwachane nywele, nisogeze mfuko wa mkojo nyuma ya kitanda. Sijawahi kumwita hata mmoja mwongo.

MJOMBA: Hapo umenishika, dada. Lakini kwa kuwa umetaja kufunika, nami nakuuliza habari ya kufunika. Watu wa Starlight walikuwa na kumbukumbu za mazungumzo ya mle mchezoni, zimehifadhiwa, kurasa 42,000. Filamu imejengwa juu ya hizo. Tumesikia alivyotongoza, alivyogombana na wenzake, alivyowaumiza kwa ukali wake, alivyoomba radhi. Sisi tuna adabu ya kuosha maiti. Anayeingia chumba kile akaona kasoro ya mwili hatoki nayo. Anaisitiri, kwa sababu mwosha naye huoshwa. Sasa maneno ya mtu aliyoyaandika usiku kwa mtu mmoja ni mwili wake pia, na pengine ni uchi zaidi. Nani aliruhusu yafunuliwe?

MPWA: Wazazi waliridhia, na waliozungumza naye waliridhia. Tena yeye mwenyewe alishaanza kuandika waziwazi juu ya ugonjwa wake mwaka 2013, mwaka mmoja kabla hajafa. Baadhi ya wenzake walijua kwa kusoma alichoandika. Hakutaka kubaki amefichika.

MJOMBA: Alichowaandikia watu wote ni cha watu wote, hapo sina ugomvi. Nasema juu ya alichomwandikia mtu mmoja. Mzazi anarithi kompyuta. Harithi siri za watu wazima.

MPWA: Lakini bila makosa yake tungebaki na malaika wa kwenye kiti cha magurudumu, Mjomba, na watu wa namna hiyo wamechoka kufanywa malaika. Mimi nilipoona kwamba aliwahi kuwa na wivu, akawa mkali kwa watu waliompenda, kisha akarudi kuomba msamaha, ndipo nilipoamini kwamba alikuwa na rafiki kweli. Huombi radhi kwa mtu usiyeogopa kumpoteza.

MJOMBA: Nimekuelewa. Na bado radhi ile ilikuwa ya wawili.

Sitawapatanisha hapa. Nimesikiliza pande zote mbili na moyo wangu unakwenda kwa Mjomba, ingawa najua kwamba bila kurasa zile hata mimi nisingejua cha kuandika. Filamu ilipata tuzo mbili kubwa kwenye tamasha la Sundance Januari 2024, ya uongozaji na ya watazamaji, na ilipofika Oktoba ilikuwa Netflix, kwenye nyumba za watu duniani kote. Siri ikishasambaa kiasi hicho hairudi. Tunachoweza kukijadili ni siri za wafu wajao, ambao nao wanaandika usiku huu.

MPWA: Tuseme basi juu ya kukumbuka kwenyewe, tuache filamu. Starlight hukutana kila mwaka mle mchezoni kumkumbuka. Blizzard wamemwekea jiwe la kaburi humo humo. Mwaka 2024 waliuza kifuko cha mbweha wa mchezoni kwa jina la Reven, fedha zikaenda kwa shirika la CureDuchenne linalotafuta tiba ya ugonjwa ule. Na si yeye pekee. Sean Smith, mtumishi wa wizara ya mambo ya nje ya Marekani aliyeuawa Benghazi Septemba 2012, wachezaji wa EVE Online walimjua kwa jina la Vile Rat. Walivipa vituo vyao vya angani jina lake, wakachangisha fedha kwa familia yake.

MJOMBA: Fedha za tiba na fedha za yatima, hizo naziunga mkono kwa mikono miwili. Jiwe la mchezoni sina la kusema juu yake. Kaburi la Mats liko Oslo. Lakini wakikutana pale pamoja kila mwaka, wanakumbukana na wao kwa wao, hilo ni jema, nasi tuna maulidi na khitma kwa sababu hiyo hiyo. Kitu kilichonitoa machozi mimi ni kingine. Ni yule baba anaposoma barua. Mtu amemlea mwana miaka 25, amembeba mgongoni, ameamka usiku kumgeuza, na hajui kwamba mwanawe alipendwa. Wenzake walikuwa nalo jambo hilo siku zote, limekaa kwao.

MAMA: Ni kweli, kaka. Nami ndicho nilichokuwa nakitafuta tangu asubuhi. Hapa kwetu mtu akifa, wanaokuja matangani hawaji kukaa tu. Huja mmoja akasema, marehemu alinikopesha nauli mwaka fulani. Mwingine, alinisuluhisha na mume wangu. Mjane anasikia habari za mume wake ambazo hakuwahi kuambiwa. Arobaini inapofika, marehemu amekuwa mkubwa kuliko alivyokuwa ndani ya nyumba yake. Robert na Trude wangemzika mtoto nusu. Nusu nyingine ililetwa na wageni, kwa barua. Rafiki wa mbali hawezi kuchimba, hawezi kuosha, lakini ana ushahidi ambao hakuna mwingine anao, na akinyamaza nao amewadhulumu wafiwa.

MPWA: Hata kama familia haikumtaka?

MAMA: Hata hivyo aandike. Kusoma au kutosoma ni hiari yao. Nimewaona wazazi waliokataa kusikia wiki ya kwanza, na mwaka wa pili wakaja kuuliza wenyewe.

MJOMBA: Basi tuseme hilo ni deni la rafiki. Lakini deni lina pande mbili, mwanangu. Robert aliweza kutangaza kwa sababu alikuwa na neno la siri. Lisingekuwepo, wale watu 30 wangeona tu kwamba Ibelin haingii. Siku moja, wiki, mwezi. Wangedhani amekasirika, au amechoka nao. Baba angebaki na mtoto mpweke, na wao wangebaki na rafiki aliyewatoroka, wote wamekosea, wote wanaumia. Daftari langu lina safu ya mtu wa kupewa habari, na kila mwanachama ameandika majina matatu na simu zao. Ninyi mmeandika nini?

MPWA: Hakuna tulichoandika.

MAMA: Huyo mwenzako wa Mombasa unayecheza naye sataranji, Mungu apishie mbali, likitokea la kutokea mimi nampataje?

MPWA: Kwa jina lake la mchezo. Jina jingine silijui, Mama. Najua amefiwa na baba yake mwaka jana, najua anaogopa mtihani wa bodi ya uhasibu, najua akianza kufungua kwa farasi ana hasira siku hiyo.

MJOMBA: Mengi hayo. Kuna mashemeji zangu sijui hata nusu yake.

MAMA: Na simu yako imefungwa kwa kidole chako.

MPWA: Nitaandika jina lake na namna ya kumfikia, nikupe ukae nalo. Lakini tuliyozungumza msiyasome. Atakachopenda kukusimulia atakusimulia mwenyewe.

MAMA: Akija nitamlaza chumbani kwako, na nitamsikiliza hata mpaka alfajiri. Sitamuuliza kwa nini hakuwahi kuja ulipokuwa hai.

MJOMBA: Na aketi na wafiwa, sina kipingamizi. Akiwa na barua isomwe kabla ya khitma, nitaisoma mimi. Ila kuhusu zile kurasa 42,000, dada, kila mtu humu ndani amesema, na bado sijasikia ni nani aliyemwomba Mats ruhusa.